Maoni Yetu: Kamera za Ghala na Haki ya Mtu

Wanachama wapenzi, katika mkutano wetu mkuu ujao limo jambo moja ambalo twaona halifai kupitishwa kwa kuinua mikono tu, kisha watu wakaenda zao kunywa kahawa. Jambo lenyewe ni kamera za ulinzi za ghala. Kamera tulizo nazo ni kuukuu, picha zake zina ukungu, na kamati imeletewa shauri la kuziondoa na kutia zile za picha safi, ambazo mafundi huziita kamera za HD. Wako wanaosema tununue leo kabla ya kesho. Wako wanaosema fedha ya chama si ya kuchezea. Kamera zipo, taa yake nyekundu yawaka, basi yatosha. Sisi tuna neno letu, na kwa kuwa ukurasa huu ni wa wanachama wote, twaliweka hapa kabla ya mkutano ili kila mtu alipime kwa mizani yake.

Lakini kwanza hatuna budi kukumbusha jambo lililotupata msimu uliopita, ingawa kulikumbusha kwatutia haya.

Siku moja ya katikati ya msimu, wakati watu wamejaa uwanjani na karafuu zimeanikwa kila palipo na nafasi, hesabu ya jioni ilionyesha magunia matatu hayapo. Kamati ilikaa mbele ya televisheni, nasi tulikuwamo, ikatazama picha za siku ile. Ikaonekana sura ya mtu mwenye fulana nyeupe na kofia, gunia begani, akivuka uwanja kuelekea upande wa lango wakati wa magharibi. Mmoja wetu akasema, "Huyo ni fulani." Wa pili akasema, "Ndiye, mwendo wake ule." Wa tatu hakuwa na hakika, lakini hakupenda kubaki peke yake. Basi yule mchukuzi, mtu aliyetubebea magunia miaka mingi, akaambiwa akae nyumbani. Siku 19 baadaye karani alipokuwa akifunga daftari, magunia yale matatu yakaonekana. Hayakuibiwa hata kidogo, bali yaliandikwa katika karatasi ya mwanachama mwingine. Na mtu wa kwenye picha alikuwa mchukuzi mwingine kabisa, akipeleka gunia mizanini, iliyo karibu na lango, kama alivyoagizwa.

Chama kilimtaka radhi mtu wetu, kikamlipa ujira wa siku zote 19. Lakini jina la mwizi halina malipo. Wanawe walilisikia chuoni, na mkewe alilisikia kisimani. Yeye mwenyewe hakurudi kazini tena. Tukipita barazani kwake huitikia salamu kwa kuwa kuitikia ni wajibu, wala hatuongezei neno.

Sasa twaambiwa kwamba kosa lilikuwa la kamera. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Na kama hatutaijua kweli yote, tutatoa fedha nyingi, tutanunua kamera mpya, kisha tutamdhulumu mtu mwingine kwa picha iliyo nzuri zaidi.

Picha ya kamera imefumwa kwa vitone vidogo vidogo, ambavyo mafundi huviita pikseli, kama mkeka ulivyosukwa kwa chane za ukindu. Chane zikiwa pana na chache, msusi hawezi kutia nakshi nyembamba. Kamera za zamani zitumiazo mtindo wa PAL, ndizo zilizozoeleka huku kwetu, huchora picha kwa mistari 625, na katika hiyo ionekanayo ni 576. Mashine ya kurekodi ikiipokea picha hiyo huiandika kwa vitone 704 kwa upana na 576 kwa urefu, yaani vitone kama 405,000 kwa jumla. Hicho ndicho kiasi chake kikubwa. Aghalabu fundi, ili diski isijae upesi, huipunguza mpaka 352 kwa 288, yaani kama vitone 101,000 tu. Ya kwetu ilikuwa imepunguzwa hivyo, na hakuna aliyetuambia, wala hakuna katika sisi aliyeuliza.

Picha ya HD ina daraja mbili zijulikanazo sana. Ya chini ni vitone 1,280 kwa 720. Ya juu, ambayo huitwa HD kamili, ni vitone 1,920 kwa 1,080, na jumla yake yapita milioni 2. Basi HD kamili ina vitone mara 5 kuliko picha bora ya kamera ya zamani, na mara 20 kuliko ile tuliyokuwa tukiitazama sisi. Hapo wanaotaka tununue wana haki kusema kuwa tofauti ni kubwa.

Lakini hesabu haikuishia hapo, na mkulima wa karafuu hashindwi na hesabu. Kamera yetu imetundikwa juu ya pembe ya paa, nayo yatazama uwanja wenye upana wa mita 20 hivi. Gawa vitone 352 kwa mita 20, utapata vitone 17 na kitu kwa kila mita. Uso wa mtu upana wake ni kama sentimita 16. Basi uso wa mtu yule katika picha yetu ulikuwa na upana wa vitone vitatu. Tulimhukumu mtu kwa vitone vitatu!

Upo utaratibu wa kimataifa wa kamera za ulinzi, namba yake IEC 62676-4, na toleo lake la mwaka 2014 liliweka vipimo vya mambo haya. Ukitaka kumtambua mtu usiyemjua pasipo shaka, yatakiwa vitone 250 kwa kila mita mahali aliposimama. Ukitaka kusema kwamba huyu ndiye yule ninayemjua, yatakiwa 125. Na ukitaka kujua tu kwamba hapa pana mtu wala si kivuli cha mnazi, yatakiwa 25. Sisi tulikuwa na 17. Hata cha kujua kwamba pana mtu hatukukifikia, seuze kulitaja jina lake na la baba yake.

Haya, tuseme tumenunua kamera ya HD kamili tukaitundika pale pale pembeni mwa paa. Vitone 1,920 kwa mita 20 ni 96 kwa mita. Picha itapendeza, rangi zitang'aa, na kamati itafurahi. Lakini 96 bado ni pungufu ya 125. Tutamwona mtu, tutaona fulana na kofia, tutaona gunia. Uso wake bado tutaubahatisha. Na picha nzuri yenye kubahatisha ina hatari kupita picha mbaya, kwa sababu mbaya humtia mtu shaka, na nzuri humwondolea shaka bila ya haki.

Sasa tuiondoe kamera paani, tuielekeze kwenye mlango wa ghala wenye upana wa mita 3. HD kamili hapo hutoa vitone 640 kwa mita, zaidi ya mara mbili ya kipimo cha juu. HD ya daraja ya chini hutoa 426. Na hata kamera yetu kuukuu, lau ingaliwekwa mlangoni na mashine ikaandika picha yake kwa ukamilifu wa vitone 704, ingalitoa 234 kwa mita, nayo yatosha kabisa kumjua mtu unayemjua. Wanachama, lifikirini neno hilo. Ngazi na nusu siku ya kazi ya fundi ingalimwokoa mtu wetu, bila ya kununua kitu.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: mahali kwanza, kamera baadaye. Mahali pa kuweka macho ni pale mtu na karafuu wanapokutana kwa lazima, yaani mlango wa ghala, lango la uwanja, na mizani. Kamera ya mlangoni isitundikwe juu mno, kwani kamera ya juu huona kofia na haioni uso. Isielekezwe mahali palipo na jua nyuma ya mtu; mlango wetu watazama magharibi, na alasiri mtu akisimama mlangoni uso wake huwa mweusi kama chungu. Kamera mpya zilizo njema zina uwezo wa kusawazisha mwanga na kiza katika picha moja, na jambo hilo fundi alionyeshe kwa macho yetu wakati wa alasiri, si asubuhi.

Ama mizani, hiyo twaiona ndiyo yenye haki kupita zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ugomvi wetu mwingi si wa wezi wa usiku. Ni wa mchana kweupe, baina ya mwanachama na karani, huyu asema kilo hizi na yule asema kilo zile, na gunia limekwisha changanywa na mengine. Kamera moja ya picha safi ikitazama uso wa mizani pamoja na alama ya gunia, namba ikasomeka bila ya kukodoa macho, itamlinda mwanachama kwa karani, itamlinda karani kwa mwanachama, na itayarudisha magunia matatu yaliyopotea katika karatasi ya mtu mwingine kabla ya jua kuchwa. Kamera ya zamani haiwezi kazi hii vizuri ikiwa yatazama pia watu na magunia. Namba za mizani hugeuka ukungu. Hapa ndipo HD inapostahili fedha yetu.

Sasa tuseme juu ya namna ya kununua, kwa sababu tumesikia kwamba ni lazima kung'oa kila kitu. Si lazima. Waya mnene wa picha tulio nao ukutani, ule wenye uzi wa shaba katikati uliozungukwa na wavu, waweza kupitisha picha ya HD. Mwaka 2012 kampuni ya Dahua ilitoa mtindo wa HDCVI ufanyao kazi hiyo, na baada yake ikaja mitindo ya HD-TVI na AHD. Picha huenda mamia ya mita katika waya ule ule wa zamani, mradi waya uwe mzima. Njia ya pili ni kamera za mtandao, ambazo hutumia waya mwingine, na kipande kimoja cha waya huo hakifai kuzidi mita 100. Faida yake ni kwamba waya mmoja hubeba picha na umeme pamoja. Kwa jengo jipya njia hiyo ni njema. Kwa ghala letu, ambalo waya zake zimekwisha pita ndani ya kuta za mawe na chokaa, twaona kubomoa ni hasara.

Ila kuna mambo manne ya kuangalia katika njia ya waya wa zamani. La kwanza, mashine ya kurekodi tuliyo nayo haifahamu lugha ya HD. Lazima ibadilishwe, na kamera na mashine ziwe za lugha moja. Mashine nyingi za siku hizi hupokea mitindo hiyo yote, pamoja na kamera za zamani, hivyo twaweza kubadili kamera moja moja kadiri ya mfuko wetu na zilizobaki zikaendelea na kazi. La pili, hewa ya bahari huzila shaba na chuma; vichwa vya waya vilivyoota kutu vikatwe na vitiwe vipya, la sivyo HD itakatika katika pale ambapo picha ya zamani ilikuwa ikipita kwa mikwaruzo. La tatu, televisheni yetu ya zamani haitaweza kuonyesha picha mpya kwa ukamilifu wake. La nne ni vumbi la karafuu na buibui. Usiku kamera hujimulikia kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni. Wadudu huufuata mwanga huo, na buibui huwafuata wadudu akatanda utando mbele ya kioo. Kamera ya gharama kubwa yenye utando haimzidi mlinzi aliyelala. Kitambaa safi kila wiki ni sehemu ya bei.

Diski nayo yataka hesabu. Kamera moja ya HD kamili, kwa mtindo wa kubana picha uitwao H.264, hutumia kama megabiti 4 kwa sekunde, na hiyo ni kama gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne kwa siku 30 zataka terabaiti 5 na zaidi kidogo, basi diski ya terabaiti 6 ndiyo itakiwayo. Mtindo wa H.265, uliotoka mwaka 2013, hupunguza kiasi hicho karibu nusu. Twataja hesabu hii ili fundi asije akatuuzia diski ndogo, kisha akaipunguza picha bila ya kutuambia, tukarudi kwenye vitone vyetu vitatu.

Saa ya mashine iwe sawa na saa ya daftari. Umeme wetu wa Pemba, tangu ulipounganishwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, umekuwa na nafuu kubwa, lakini hukatika, na betri ndogo ya akiba ni lazima. Na mashine ikiunganishwa na intaneti, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliingia katika kamera na mashine za kurekodi kwa wingi duniani, kwa sababu tu wenyewe waliyaacha maneno ya siri kama yalivyotoka dukani. Kama hapana haja ya kutazama ghala kutoka mbali, ni bora isiunganishwe.

Sasa twageukia hoja ya wazee wetu, ambayo hatupendi ipuuzwe. Wasema kwamba babu zetu waliuza karafuu bila ya macho ya chuma, na kwamba kumwekea mtu kamera ni kumwambia wewe ni mwizi. Twasema, wazee wetu, neno hilo lina uzito. Ndiyo maana twataka kamera itazame mizani na mlango, yaani imtazame karani, na kamati, na sisi wenyewe, wala isiwe ya kumchunga mchukuzi peke yake. Kadhalika twapinga kabisa kamera yoyote kuelekezwa mahali wakaapo kina mama wakichambua karafuu, au mahali pa kutawadhia, au kwenye nyumba ya jirani. Macho hayana pazia, lakini kamera yaweza kuwekewa mpaka, na mpaka huo tuuweke sisi. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023; katibu aisome pamoja na mwanasheria kabla ya kufunga kamera hata moja.

Basi maoni yetu kwa mkutano ni haya.

Kwanza, kamera zilizopo zihamishwe kutoka paani zipelekwe mlangoni na langoni kabla ya msimu, na mashine iandike picha kwa ukamilifu wake. Jambo hili halingoji fedha.

Pili, inunuliwe mashine mpya ya kurekodi ipokeayo mitindo ya zamani na mipya, pamoja na diski ya kutosha siku 30, na kamera moja ya HD kamili kwa mizani. Kamera za mlango na lango zifuate msimu wa pili, Mungu akipenda, kwa waya huu huu uliopo.

Tatu, fundi asilipwe malipo ya mwisho mpaka atuonyeshe, alasiri na usiku, uso wa mtu mlangoni na namba ya mizani katika picha iliyorekodiwa, si ile inayopita wakati ule.

Nne, picha zisitazamwe na mtu mmoja. Watazame wawili wa kamati na mmoja asiyekuwa wa kamati, na kila mmoja aandike alichokiona katika karatasi yake kabla ya kusikia la mwenziwe. Mwanachama au mfanyakazi atuhumiwaye aonyeshwe picha kabla ya kuambiwa neno, na asimamishwe kazi kwa daftari na picha pamoja, wala si kwa picha peke yake.

Hilo la nne halina gharama hata ya shilingi moja, nasi twaliona kubwa kuliko yote. Jioni ile kamati haikukosewa na kamera tu. Kamera ilisema ukweli wake wote: ilituonyesha vitone vitatu. Waliosema vile vitone ni fulani ni sisi. Wa kwanza alibahatisha, wa pili akamfuata, na wa tatu akanyamaza. Hapana kamera duniani, iwe ya bei gani, iwezayo kurekebisha jambo hilo.

Twaomba wanachama waje mkutanoni kwa wingi, na wenye maoni mengine watuletee, tutayachapa. Na kabla ya ajenda kufunguliwa, twapendekeza mwenyekiti asimame na kusema mbele ya watu wote kwamba mchukuzi wetu hakuiba. Radhi aliyotakwa ilisemwa chumbani, na tuhuma ilisemwa uwanjani. Si haki kuziacha hivyo.